Taa Isiyokonyeza

Keko, Dar es Salaam
8 Februari 2004

Mjomba Bwanaheri,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Nakujulia hali wewe na nyumba yako yote, ingawa najua nyumba yote siku hizi ni wewe na yule paka mwenye dharau. Tangu mkazamjomba Salma atutoke nawaza sana jioni zako zinavyokwenda. Mimi ni mzima. Idi tumekula vizuri hapa gereji, tajiri alichinja mbuzi, ingawa nyama nyingi iliishia kwa shemeji zake.

Ningekupigia kwenye simu ya jirani yako Mwajuma, lakini mara ya mwisho ulinipigia kelele "Nani?" mpaka salio likaisha. Basi tuendelee na kalamu.

Kondakta wa basi kaniambia uliingia mtaroni ukitokea Kilambo, unakwepa mbuzi. Katika barua yako ya Januari hukuandika hata neno. Uliandika kuhusu korosho za Naliendele, ukaandika kuhusu paka, mtaro ukauruka. Mjomba, taa za ile Hilux ni za halojeni na zimechoka. Ndani ya balbu mna waya mwembamba unaopata moto mpaka unawaka, na ukizeeka mwanga wake unakuwa wa njano kama chai iliyotiwa maziwa kwa kuonewa huruma. Ndiyo maana mbuzi unamwona akiwa tayari ameshasimama mbele ya bampa.

Kwenye boksi hili mna taa mpya, wenyewe wanaziita zenoni. Nimezitoa kwenye gari la Kijapani lililopata ajali, mbele zima, nyuma chapati. Zenoni haina waya ndani. Mna hewa tu, na umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine bila kukoma. Kila taa ina kiboksi chake, balasti, cha kuupandisha huo umeme. Mwambie fundi asikiguse taa ikiwa inawaka, kitamrusha mpaka Mikindani.

Jambo moja ulishike sana. Ukiziwasha, ziache. Zinaanza na rangi ya buluu, zinatetemeka, kisha zinatulia zikawa nyeupe. Usiwashe na kuzima, kuwasha na kuzima, kama ulivyozoea kuwakonyeza madereva wenzako. Zikikonyezwa balasti inakufa, na balasti nzuri hapa mjini ni ya kuokoteza.

La pili ni la heri. Nimempata binti, anaitwa Aisha, kwao Temeke. Wazee wake wako tayari kupokea posa. Wameniuliza upande wa mama yangu atasimama nani. Nimewajibu kwamba upande huo ni mjomba, mwingine hayupo. Naomba na wewe ukija ujibu hivyohivyo.

Nakuombea macho mema na barabara njema.

Mpwa wako,
Fahad


Rahaleo, Mtwara
21 Machi 2004

Fahad, mpwa wangu,

Marahaba, na wa alaykum salaam. Sisi wazima. Paka naye mzima, kazaa kwenye godoro la marehemu Salma na sina ubavu wa kumfukuza. Mwajuma anakusalimu, anasema simu yake haina ubaya wowote, ubaya uko kwenye masikio yangu. Mvua zimeanza kwa fujo. Basi la juzi limelala siku kadhaa Nangurukuru, kwa hiyo barua hii ikichelewa usinune.

Taa zimefika, na Mungu akubariki. Hamisi fundi alizizunguka asubuhi nzima kama mtu aliyeletewa mke wa pili bila kuulizwa. Zile plagi za zamani hazikuingiliana na hizi, akazikata. Halojeni zangu nikampa ziwe ujira wake, kazifunga kwenye gari la kubeba korosho. Magharibi tukawasha. Ee bwana. Ukuta wa msikiti wa pale kona, ambao mimi nilijua ni mweupe, tumeuona una nyufa na maandishi ya watoto. Watu walitoka nje kuuliza kama kuna harusi.

Barabarani ni raha. Nikivuka Naliendele naona kila jiwe na kila mbuzi, namwona na mawazo aliyonayo. Wanaokuja mbele yangu wanaziba macho na kunitukana, lakini wanatukana wakiwa mbali, siwasikii.

Nina swali dogo la kifundi. Hivi hakuna namna yoyote ya kuzifanya zikonyeze? Simaanishi sana. Mara mbili tu, kisha ziachwe. Nauliza kwa kutaka kujua.

Kuhusu posa, nimefurahi, na huyo Aisha namsalimu. Lakini mvua hizi zipite kwanza. Na wewe hebu litazame tena hilo jibu ulilowapa wazee wa watu. Mimi ni mjomba, naam, na kwetu mjomba ana sauti. Lakini mimi sikukuzaa.

Nimekuwekea korosho za kubangua, zitakuja na kondakta.

Ni mimi mjomba wako,
Bwanaheri


Keko, Dar es Salaam
18 Aprili 2004

Mjomba,

Shikamoo. Barua imechukua wiki kadhaa njiani, na korosho zimefika nusu, nadhani kondakta naye ana watoto. Mimi mzima. Aisha anakusalimu, kacheka sana habari ya paka, anataka mtoto mmoja.

Jibu la kifundi ni hapana. Halojeni ukiipa umeme inawaka hapohapo, ukiinyima inazima hapohapo. Zenoni inataka kupata moto taratibu, na kila unapoiwasha upya unaipiga umeme mkubwa wa kuianzisha. Ukikonyeza mara mbili upesi, ama haitawaka ya pili, ama utaiua. Ukitaka kumpita mtu piga honi. Mjomba, wewe ni dereva wa tangu enzi za Land Rover za mkoa. Kukonyeza unakutakia nini?

Halafu kondakta kaniambia jambo jingine. Anasema kila Alhamisi unakwenda Kilambo hata ukikosa abiria, unaegesha kando ya mto na kulala ndani ya gari. Pale pana mamba na viboko, na mbu wake nawajua. Kama ni biashara, biashara gani bila abiria?

Kuhusu lile jibu, nimelitazama tena na liko vilevile. Nilikuwa darasa la sita yule mtu alipochagua kuvuka, na sikusikia kwamba mto ulimshika mguu asirudi. Nilikuomba zamani usinitajie. Nilisema ukinitajia nitaacha kuandika, nawe ukanielewa. Naomba tuendelee kuelewana.

Posa isipite Juni.

Wako,
Fahad


Rahaleo, Mtwara
13 Juni 2004

Fahad,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, na mvua sizisingizii, ziliisha mwezi uliopita. Ninakaa kuandika naona sina la kuandika.

Tumwombe Mungu, wazima. Watoto wa paka wamegawanywa, nimembakiza mmoja wa Aisha. Mwajuma kaenda Newala kwa binti yake, kwa hiyo mtaa umekuwa kimya. Jioni nikitoka msikitini nakaa barazani, anayepita ananisalimu, nami namjibu, kisha anakuwa kashapita.

Taa ni nzuri. Usidhani sizipendi. Moja imeanza kusumbua, ya kushoto, lakini hilo si kitu.

Kilambo bado naenda. Umeniuliza kwa nini, nami nimeamua kukujibu kwamba naegesha pale, uso wa gari ukitazama maji, nawasha taa, nakaa. Zamani nilikuwa nakaa kidogo, nafurahi, nalala. Siku hizi nakaa mpaka betri inaanza kulalamika na ng'ambo ni giza tupu. Zaidi ya hapo ulinikataza, na mimi sina barua nyingine ninayopokea ila yako.

Posa ya Juni nisamehe. Siwezi kwenda kwa watu nikiwa nusu.

Mjomba wako,
Bwanaheri


Keko, Dar es Salaam
11 Julai 2004

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zangu leo ni fupi, nivumilie. Mimi mzima, na neno hilo utaona punde kwa nini naliandika kwa kalamu nzito.

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta soketi za taa. Nikakutana na Mikaeli, yule muuza samaki wakavu wa Kilambo aliyekuwa akitupatia pweza nikiwa mdogo. Nikampa mkono. Hakuupokea. Alirudi nyuma akagonga meza ya mtu, kisha akaja akaushika na kuuminyaminya kama mtu anayechagua nyanya. Akasema, "Fahad, sisi si tumekula ubwabwa wa hitima yako?"

Nilidhani kalewa. Akanikalisha. Anasema mwezi wa tano, ng'ambo ya mto, pale Namoto, mwanamke mmoja kaita majirani akamsomea mwanawe hitima. Mikaeli akaambiwa mtoto mwenyewe ni Fahad wa Bwanaheri, fundi wa Dar es Salaam. Hakuna aliyeleta maiti wala aliyejua ugonjwa. Walipomuuliza kafa lini, yule mama alijibu kwamba habari zake zimekatika tangu Machi na anayeleta habari anaona aibu kusema. Baada ya hitima akatoa nguo za marehemu sadaka, kama inavyofanywa. Nguo yenyewe ilikuwa moja. Shati jeupe la shule, la mtoto, lenye wino mfukoni.

Shati hilo nalijua. Nililitafuta siku ile alipoondoka mpaka nikapigwa na mwalimu kwa kwenda na fulana. Miaka yote nimeamini liliibwa kwenye kamba.

Nilikasirika, mjomba. Nilisema moyoni, nani kampa ruhusa ya kunizika, mtu aliyeniacha. Nilitembea kutoka Kariakoo mpaka Keko nikiwa nimekasirika, na nilipofika gereji hasira yenyewe siikuti tena mahali nilipoiweka. Nimekaa na soketi mkononi. Nimefungua taa ya gari la mteja nimeifunga, nimefungua tena.

Nieleze. Nani alikuwa akimpelekea habari zangu, kwa njia gani, na kwa nini zimekatika Machi? Nakuondolea ile amri ya kutotaja. Taja.

Fahad


Rahaleo, Mtwara
1 Agosti 2004

Fahad, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaingia ndani nikaisoma nimekaa. Salamu tuziache leo. Mwajuma karudi, paka yupo.

Unakumbuka mama yako alipotoka eda ya baba yako, akaposwa na yule bwana wa ng'ambo mwenye minazi. Lilikuwa jambo la halali. Lakini wewe ulikimbilia mashambani Naliendele ukasema huvuki, ukapatikana siku ya pili umekula mabibo mpaka midomo imebabuka. Mimi nilimwambia dada yangu Mwasiti angoje umzoee huyo mtu. Hakungoja. Nami nikaapa mbele ya wazee kwamba sitakanyaga kwake wala sitampelekea neno mpaka arudi akuombe radhi. Naye akaapa hatarudi mpaka wewe mwenyewe umwite. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili tumekaa kwenye viapo kama kuku kwenye mayai viza.

Mwaka ukapita. Alhamisi moja nilishusha abiria Kilambo jua likizama. Nikageuza gari, taa zikapiga ng'ambo. Kule juu ya mti ikapanda karabai. Nikaijua palepale. Ni karabai ya marehemu mama yetu, kitu pekee alichoondoka nacho, mwanga wake una kijani kidogo kwa sababu kioo si chake cha asili. Nikarudi nyumbani sijui niseme nini. Nikamwambia Salma. Salma yeye hakuwa ameapa chochote. Akavuka wiki iliyofuata na fungu la muhogo, akarudi na mapatano. Nikiwasha taa, maana yake nimefika. Nikikonyeza mara mbili, maana yake mtoto mzima. Yeye anajibu kwa kuipandisha karabai, basi, kila mtu alale.

Kiapo changu kilikuwa cha miguu na mdomo. Cha taa hakikuwemo.

Kwa hiyo, Fahad, ulipopita la saba nilikonyeza mara mbili. Ulipolazwa kwa malaria hospitali ya Ligula sikwenda Kilambo wiki hiyo, na ulipopona nikakonyeza mara mbili. Ulipopanda basi kwenda Dar, barua yako ya kwanza ilipofika, na ya pili, na zote. Wewe hukumwandikia hata moja, lakini barua zako zote zimevuka mto.

Ndipo zikaja taa zako. Uliniandikia nisikonyeze, nami ni mtu wa kutii fundi. Alhamisi ya kwanza niliwasha, nikaona ng'ambo nzima imekuwa nyeupe, nikasema moyoni kwamba mwanga huu peke yake unatosha, ataelewa mambo ni mazuri. Karabai ikapanda. Ikangoja. Nikaona inashuka taratibu. Wiki iliyofuata vilevile. Yeye aliona nimefika, na habari ya mtoto haipo. Wiki baada ya wiki nimefika, na habari ya mtoto haipo. Mwezi wa nne nikashindwa, nikavunja amri yako, nikazima na kuwasha. Ya kulia ikagoma, kisha ikawaka baadaye sana, imetulia. Ya kushoto ikafa. Tangu siku hiyo nina jicho moja jeupe lisilofumba.

Utaniuliza mbona sikuchukua tochi. Nilichukua. Mto ule ni mpana, tochi yangu haifiki hata kwenye mchanga wa katikati. Utaniuliza mbona sikurudisha halojeni. Plagi zimekatwa, balbu zimekwenda na korosho, na nilihofu utauliza kwa nini nimeing'oa zawadi yako. Ningekujibu nini? Wa kumtuma nilikuwa naye mmoja, na Salma yuko kaburini. Mwezi wa tano karabai haikupanda tena. Mimi nilidhani dada yangu kafa, Fahad. Yeye anadhani wewe umekufa. Na kila Alhamisi mimi ndiye ninayewasha taa ya kumthibitishia.

Leo nimemaliza na sheikh. Kiapo kina kafara, nami nimelisha masikini kumi, Mwajuma kapika. Kwa miaka yote hii dawa ilikuwa sufuria moja ya wali na sikutaka kuuliza. Alhamisi hii naacha gari Rahaleo, naomba lifti mpaka Kilambo, navuka kwa mtumbwi. Nitakaa huko mpaka anisikie. Ufunguo uko kwa Mwajuma.

Wewe sikuombi lolote. Nimekueleza tu.

Mjomba wako anayekupenda,
Bwanaheri


Kilambo, kando ya mto
Ijumaa, 20 Agosti 2004

Mjomba,

Shikamoo. Naandika juu ya boneti ya gari lako, kwa hiyo mwandiko usamehe. Barua hii anavuka nayo Mikaeli kwa mtumbwi wa kwanza. Nimefika Mtwara jana mchana, Mwajuma kanipa ufunguo na wali wa jana, kaniambia nimekonda. Paka wako alinitazama akaondoka.

Nilikuja na balbu mbili za halojeni na plagi zake kwenye mfuko. Mpango ulikuwa kufunga kwanza ndipo nije. Lakini gari halikutaka kuwaka mpaka alasiri, na jana ilikuwa Alhamisi, nikaona nikifunga taa nitafika usiku na jambo lenyewe lina saa yake. Nikaja hivihivi, na jicho moja.

Mikaeli nilimkuta hapa anafunga matenga. Ndiye aliyeniambia mambo yako ya huko. Kwamba umo uani kwa dada yako wiki mbili sasa, umeapa kwa Msahafu kwamba mimi ni mzima, naye anakupikia, anakutandikia, na hakuamini. Kwamba hata Mikaeli kamwambia kanishika mkono Kariakoo, akajibiwa kwamba amelipwa na wewe aseme hivyo. Na kwamba jibu lake kwa kila mtu ni moja. "Kama yu hai, mbona taa haisemi?"

Jua lilikuwa limebaki kidogo. Nikaegesha pale kwenye alama za magurudumu yako, ziko wazi kama reli. Nikawasha. Ikaanza buluu, ikatetemeka, ikatulia. Mjomba, mimi nimefunga taa hizi kwenye magari ya watu wengi na sijawahi kukaa nyuma ya mojawapo nikitazama mahali ambapo kuna mtu. Maji yote yalionekana mpaka ukingo wa pili, na mti, na chini ya mti watu wadogo. Sikujua yupi ni yupi. Mmoja alikuwa na mkono kiunoni, nadhani ni wewe.

Mkono ulikwenda kwenye swichi wenyewe. Nikaurudisha. Nilijua nikizima inaweza isiwake tena, na hiyo moja ndiyo iliyobaki. Nikashuka. Nikasimama mbele ya gari, nikapita mbele ya taa kwa mwili wangu, polepole, kutoka upande huu mpaka ule. Giza langu likapita juu ya maji mpaka huko kwenu, nimeliona kwa macho yangu likipanda ule mti. Nikarudi upande wa pili. Mara mbili. Kisha nikasogea pembeni nikaiacha iwake.

Hakikutokea kitu. Nikarudia, mara mbili, nikangoja. Mikaeli aliacha matenga akaja akasimama karibu yangu. Nilipita mara ya tatu nikiwa nimeshaanza kulia, nakuambia bila aibu, na sikuwa nalilia lolote la zamani. Nilikuwa naogopa tu kwamba ameacha kutazama.

Wewe ulikuwa huko umeona karabai ilivyowashwa na nani aliipampu. Mimi nimeona ilivyopanda. Ina kijani kweli. Ilipanda, ikafika mwisho wa mti, na haikushuka. Nikakaa chini mchangani mbele ya bampa nikaitazama, na taa yangu sikuizima kwa sababu sikuweza kuwa wa kwanza kuzima. Nimelala hapohapo kwenye siti, nikiamka naiona.

Asubuhi hii gari haliwaki. Betri imekufa kabisa, na mimi fundi umeme ningemfokea mteja aliyefanya nilichofanya. Kwa hiyo Rahaleo sirudi leo. Aisha namwandikia kwamba wazee wake wangoje kidogo, jibu nililowapa halikuwa sawa, nitaleta jingine.

Sipandi mtumbwi wa Mikaeli, na nafasi ipo. Nilisema maneno mengi juu ya huko, na yeye ana kiapo chake kwamba nimwite. Basi namwita. Lakini sitaki kumvukisha yeye maji na mamba kwa ajili yangu, na sitaki kufika uani kwake bila ruhusa. Yeye kusoma hajui, kwa hiyo barua hii msomee kwa sauti, yote, na hapo nilipolia usiruke.

Kisha mwambie awashe ile karabai sasa hivi, mchana huuhuu. Itakuwa hafifu kwenye jua, lakini mimi nimekaa hapa nimeelekea huko na nitaiona. Nikiiona nitapanda mtumbwi wa pili.

Na lile shati la shule, kama aliyepewa bado analo, mwambie mama asimdai. Namletea aliyelivaa.

Fahad